Nyuma ya Karatasi za Kitani

Baraka, siku yako ya mwisho hapa

Odeta mwanangu,

Nimeanza kuandika kungali mwanga, kwa sababu mafuta ya taa yalikwisha juzi na sitaki mistari yangu ipandane kama mbuzi wa sokoni. Wewe umeshuka ziwani kufua nguo za safari. Nakuona kutoka hapa mlangoni, umeinama, umejifunga kile kitenge cha mama yako kiunoni. Ukigeuka utadhani baba yako anakuandikia majina ya watu wa kukupokea Kigoma. Watu wa Kigoma siwajui.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama Wabiwa, ambaye unavuka naye, anayajua kuliko mimi: mahali pa kukaa ndani ya boti, nani wa kumjibu kwenye bariera ya askari na nani wa kumnyamazia. Amekwisha kuvuka mara mbili na kurudi. Na mimi ni nani wa kumfundisha mtu kuondoka? Mimi ndiye niliyeshindwa kuondoka siku iliyotakiwa. Hilo ndilo nitakuandikia, kwa hiki Kiswahili changu cha mapadri, bila kulitia sukari. Miaka kumi na minne si mchezo, umekuwa mtu mkubwa. Na kesho wakati kama huu utakuwa ng'ambo, hutaweza kuniuliza.

Kwanza hizi karatasi. Zina maandishi upande wa pili, usizigeuze sasa. Ninaandika nyuma yake kwa sababu karatasi nyingine sina, na kwa sababu nimezibeba miaka minne na hazijamfaa mtu yeyote. Siku ya kukimbia kijiji chetu cha Lubondja wengine walibeba sufuria, wengine walibeba wazee wao mgongoni. Baba yako alibeba karatasi chini ya shati. Soma mpaka mwisho, ndipo ugeuze.

Unakumbuka walivyokuwa wananiita Bwana Maua. Ulikuwa unakasirika masomoni wenzako wakikuita mutoto wa Bwana Maua, na ukirudi nyumbani unanitazama kama mimi ndiye niliyewatuma. Nilikuwa monitere wa kilimo. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watu kupanda pamba kwa mistari na kukata miche ya muhogo isiyo na ugonjwa. Nyuma ya buro, ofisi ya zamani ya pamba, palikuwa na pembe moja ya majani ambapo kitani kilikuwa kinajiotea chenyewe. Mzungu mmoja wa enzi za pamba alikileta akitaka nyuzi za kufuma. Nyuzi zikamshinda, akaenda zake, kitani kikabaki. Mmea mwembamba, urefu wa goti la mtu, na maua madogo ya buluu.

Kitani kina tabia yake. Ua linafunguka alfajiri, na jua likifika utosini majani yake yako chini. Kesho linafunguka lingine, nalo vilevile. Bamama waliokuwa wanapita kwenda shambani walikuwa wanacheka, wanasema hili ua ni kama mwanaume wa machimbo ya Lulimba: asubuhi anakuambia ana dhahabu, adhuhuri hana hata chumvi.

Mimi nililipenda. Sina sababu nzuri ya kukupa. Mtu anayekula bugali na ndagala kila siku, na mshahara haujulikani uko wapi, anapenda ua lisiloliwa. Mama yako alisema ni ugonjwa. Lakini siku niliposhuka huku mjini Baraka nikaona kitani cheupe kwenye bustani ya masista, yeye ndiye aliyenituma nirudi kuomba mbegu. Mzee mtunza bustani hakuniuliza ninataka ya nini. Alikamua vichwa vitatu juu ya kiganja changu, akarudi kwenye kumwagilia. Kumbuka hapo, Odeta. Nilipewa. Hata kile cha buluu sikukinunua wala kukitengeneza, nilikikuta.

Nikavioza vile viwili, kama mtu anavyooza binti. Kuoza maua ni kazi ya vidole vidogo. Jioni unatafuta tumba litakalofunguka kesho, unalipasua taratibu, unatoa vile vijiti vya kiume kabla unga wake haujapasuka, kisha unalivika kofia ya karatasi. Asubuhi unavua kofia, unaligusa kwa unga wa ua lingine. Kikoleo nilikiomba kwa mwuguzi wa dispensari. Vidole vyangu vilikuwa vinene, nikavunja matumba mengi, mpaka mama yako alipochoka kunitazama akaninyang'anya kikoleo. Maua yote ya kwanza aliyaoza yeye. Katika karatasi hizi hutaona jina lake mahali popote.

Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo ya maua walitoka buluu tupu, nikakata tamaa. Wajukuu ndio waliochanganyika: weupe, buluu, wengine rangi ya maji ya ziwa wakati wa mvua. Katika msimu wa tatu mmea mmoja ulitoa ua jeupe lenye jicho la buluu katikati na mishipa ya buluu inayokimbilia kingo. Nililiona asubuhi, nikasema zuri. Nilirudi saa nane mchana kuchukua jembe nililosahau, nikalikuta bado limesimama. Nikaketi chini mbele yake. Jua likainama nyuma ya mlima na lenyewe bado limesimama. Nilimwita mama yako, akaja na unga wa muhogo mikononi, akaliangalia muda mrefu, akasema, "Hii imekataa kuanguka." Siku hiyo tulifurahi kama watu waliopata mtoto. Nataka ujue kwamba tuliwahi kufurahi hivyo.

Sasa sikiliza. Watu wanafikiri kutengeneza mmea mpya ni kupanda. Ni kung'oa. Unapanda mbegu za ule mmoja, miche mia inaota, na themanini inaangusha maua adhuhuri kama babu yao. Unang'oa themanini. Msimu unaofuata unang'oa hamsini, halafu kumi. Yoyote inayotoka tofauti unaing'oa kabla haijachafua mingine. Misimu miwili kwa mwaka nilikuwa napita kwenye mistari saa saba mchana, napiga magoti na kung'oa. Mkono ukazoea. Mwishoni nilikuwa nang'oa huku nawaza mambo mengine.

Katika kizazi cha nne alipita injeniere mmoja wa kilimo kutoka Bukavu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pikipiki yake iliharibika mbele ya buro, ndiyo sababu alisimama. Aliona kitani changu saa tisa mchana na akasahau pikipiki. Akaniambia mmea kama huo unaweza kuandikishwa katika kitabu huko kwa wenzetu, na jina la aliyeutengeneza likakaa humo hata akifa. Miezi miwili baadaye akanitumia karatasi hizi. Mmea uwe tofauti na yote inayojulikana. Yote ifanane. Ibaki hivyo kizazi baada ya kizazi, akasema nifike saba ili asije mtu akabisha. Na iwe mipya kabisa, mbegu yake haijatoka mikononi mwangu kwenda kwa mtu mwingine. Alinishika bega akaniambia, "Usimupe mutu hata punje moja mpaka jibu itoke." Hakuwa mtu mbaya. Alinieleza sheria ya kitabu chake. Ya kwetu hakuijua, na mimi niliyeijua nilinyamaza.

Ya kwetu unaijua tangu unanyonya. Mbegu hainyimwi. Mwanamke akisimama mlangoni na kusema mbegu yangu imekwisha, unaingia jikoni, unashusha kibuyu kilicho juu ya moto kwenye moshi, unampa kiganja kimoja. Yeye hasemi asante. Atasema siku ya mavuno, kwa kurudisha kiganja. Hata watu waliogombania mpaka wa shamba hawanyimani mbegu. Ndiyo maana nzige wakila huku, kule panabaki kitu.

Mimi nikaanza kunyima. Bamama walikuwa wanaomba kitani cha kupamba altare kanisani, cha kutia mbele ya nyumba, kwa sababu kilikuwa kizuri na hakidondoki. Nikawaambia bado. Wakauliza mpaka lini, nikawaambia mpaka barua itoke. Mama yako akawa anachukua njia ndefu ya kwenda mtoni ili asipite kwenye nyua za watu. Aliniambia, "Unanifanya nini mbele ya batu?" Nikamjibu kwamba hiyo si mbegu, ni kazi ya buro. Mbegu aliyoioza kwa mikono yake na kuitunza juu ya moto wake! Hata kuliandika jibu hilo naona aibu.

Kwenye mstari wa jina la mmea niliandika Odeta. Nilikuonyesha, ukasema andika kwa herufi kubwa.

Wabiwa unamkumbuka. Mlikuwa mnacheza wote mawe, na yeye alikuwa anakushinda. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Surua ilipopita ilikugusa wewe kidogo, yeye ikamchukua kwa siku nne. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine. Mpaka leo tunamwita kwa jina la mtoto aliye chini ya udongo, na anaitika.

Mambo yanayofuata huyajui. Ulikuwa masomoni. Miezi mitatu hivi baada ya maziko nilikuwa natoka kuangalia muhogo wa watu ng'ambo ya kijito, nikakata njia kwenye makaburi. Saa nane mchana, jua kali. Nikaona weupe juu ya kaburi dogo. Nikakaribia, nikaona jicho la buluu. Hakuna kitani kingine duniani kinachosimama saa nane mchana, Odeta. Nilikitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha mke wake. Na nikatambua papo hapo nani alishusha kibuyu.

Nilipaswa kupita. Au kuketi chini, kama nilivyoketi siku ile ya kwanza. Nilipiga magoti nikaanza kung'oa. Niliyang'oa moja moja na mizizi yake, kwa utaratibu, kama nilivyong'oa kila msimu. Nilikuwa nusu ya kaburi nilipomwona Mama Wabiwa amesimama na mzigo wa sombe, majani ya muhogo, kichwani. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Monitere, uko nang'oa maua ya mutoto wangu?"

Nikamwambia maua hayo si ya mtu, yamo katika karatasi, yakitoka nje kazi yote ya miaka inakufa. Nilimweleza kuhusu kitabu. Nilimweleza kuhusu vizazi saba, pale, juu ya kaburi, mikono yangu imejaa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Basi beba," akasema. "Lakini hii udongo iko yangu. Kung'uta mizizi."

Nikakung'uta mizizi. Mpaka leo mikono yangu inakumbuka uzito wa ule udongo ukianguka. Nilifika nyumbani nikayatupa motoni mbele ya mama yako, vichwa bado vibichi, mbegu ndani. Sikumpiga, sikupiga kelele. Nilijiona mtu mwema kwa hilo. Yeye aliendelea kutwanga. Usiku wa pili ndipo aliposema, akiwa amenipa mgongo: "Ule mutoto alikuwa anasimama ku lupango ya shamba yako kila siku kuangalia maua. Weye hukumuonaka." Baada ya hapo alinipikia, alinifulia, na hakugusa kitani tena. Ulituuliza mara ngapi kwa nini nyumba imenyamaza? Nilikuambia mama anaumwa kichwa. Ndiyo hiyo sababu yake.

Kisha vita. Ile ya kwanza ilikuwa imetupita pembeni, tukajidanganya tunaijua. Ya pili ilipoanza, watu waliotoka upande wa ziwa walisema shukeni Baraka mvuke upesi, njia bado ipo. Nyumba moja moja zikafungwa. Mama Wabiwa alibaki, alisema hamwachi mtoto peke yake. Mama yako alifunga mzigo jioni moja, sufuria ndani, nguo zako ndani, akauweka mlangoni.

Kitani kilikuwa kizazi cha saba, Odeta. Vichwa vimeanza kuwa njano. Wiki mbili, nikasema. Wiki mbili tu vikauke, nivune, nijaze mstari wa mwisho, ndipo tushuke na mbegu na karatasi mkononi, tusiwe wakimbizi wa bure. Mama yako alinitazama. Alikuwa na haki ya kuniambia maneno makubwa, na laiti angeniambia. Aliinama akafungua mzigo, akarudisha sufuria mahali pake.

Nilivuna siku ya kumi na moja. Kibuyu kikajaa nusu, akakitundika juu ya moto kwa sababu nilimwomba. Siku ya kumi na tatu wenye bunduki walikuja alfajiri kwa njia ya gari, wakipiga risasi. Hiyo unaikumbuka. Unakumbuka nilivyokuvuta mkono. Usichokijua ni kwamba niligeuka mlangoni. Kibuyu kilikuwa hatua nne ndani ya jiko. Mfuko wa karatasi ulikuwa kwenye msumari kando ya mlango, upande mwingine. Palikuwa na muda wa kimoja.

Nimejiuliza miaka minne. Mbegu ingeota popote, hata Kigoma, hata kwenye kopo. Karatasi haioti. Mtoto mdogo angechagua kibuyu. Lakini kibuyu kilikuwa kitu cha jikoni, na karatasi zilikuwa na jina langu.

Njia ya Baraka ilikuwa imekwisha kufungwa. Zile wiki mbili ndizo zilizoifunga, usimwache mtu akuambie ni bahati. Tulikaa msituni, watu wa Lubondja waliobaki, chini ya mvua, na mama yako akashikwa na homa siku ya nne. Siku ya tisa watoto mlipelekwa kijitoni kutafuta kuni ambazo hazikuwako. Mliporudi tulikuambia amelala, halafu tukakuambia kweli. Aliyemwosha ni Mama Wabiwa. Wanawake wengine walikuwepo lakini yeye ndiye aliyekunja mikono na kuomba maji. Akavua kitenge chake cha pekee akamvika. Nikasema hapana, tumvike chake mwenyewe. Akasema cha mama kibaki kwa mutoto. Ndicho hicho umejifunga hapo ziwani. Njia ilipofunguka, yeye alitembea mpaka Baraka amejifunga gunia.

Nilimzika mke wangu bila hata ua moja. Mimi, Bwana Maua.

Mwaka uliofuata palipotulia kidogo nilirudi Lubondja peke yangu, nikakuambia naenda kutafuta muhogo. Uongo. Nyumba ilikuwa majivu na shamba lilikuwa majani marefu kuliko mimi. Nikaenda makaburini. Nilifikiri siku ile ya kung'oa labda kichwa kimoja kilipasuka, labda punje moja ilianguka. Nilitambaa kwa magoti nikichambua udongo kwa vidole mpaka jioni. Hakuna kitu. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Nikazunguka kwenye nyua za wachache waliorudi, nauliza kama kuna mtu aliyebaki na kitani. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya muhogo hata hakuinua kichwa. "Nani angekuwa nacho, Bwana Maua? Weye ulimupatiaka nani?"

Injeniere alikimbia, sijui kama yu hai. Buro yake, wanasema hata mlango umebebwa. Karatasi hizi hazikutumwa. Ua lisilodondoka adhuhuri lilikuwepo duniani miaka mitatu na nusu, katika uwanja mmoja na juu ya kaburi moja, na waliolitunza wamekwisha isipokuwa mimi, na mimi sina hata punje ya kukuonyesha. Wakati mwingine nafikiri hukuamini kama lilikuwepo. Wakati mwingine nami siamini.

Utauliza kwa nini sivuki nawe. Unajua. Wanaume wanashushwa kwenye bariera, wanaambiwa ni wapiganaji, na boti yote inazuiliwa kwa ajili yao. Nikiwemo, nitakuzuilia njia mara ya pili. Mara ya kwanza niliizuia kwa wiki mbili. Nenda. Sitakuandikia kwamba tutaonana, kwa sababu nimekwisha kuahidi watu mambo mengi yanayosubiri barua. Ninaogopa, mwanangu. Ukiondoka, nyumba hii itakuwa na mimi tu, na mimi si mtu ninayependa kukaa naye.

Leo asubuhi, ulipokwenda sokoni, nilikwenda kwa Mama Wabiwa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Miaka minne tunaishi mtaa mmoja, anakusuka nywele, anakuletea ndagala, na sijawahi kusema. Nilimkuta anafunga mzigo. Nikafungua mdomo, akanitangulia.

"Kama iko maneno ya yale maua, acha. Mutoto wako nitamubeba."

Nikabaki nimesimama kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mwishowe nikasema asante. Akavuta kamba ya mzigo, akaifunga fundo, ndipo akaniangalia.

"Usiseme asante," akasema. "Hatujavuna bado."

Nilitoka nje, nikatembea mpaka ziwani, nikalia mbele ya wavuvi bila kujificha. Alikuwa ananyimwa na mimi mbegu ya maua, na leo ananipokelea mtoto kama mtu anavyopokea kiganja cha mbegu mlangoni, bila kuuliza, bila asante.

Umemaliza kufua, unakamua nguo ya mwisho. Nifunge.

Sasa geuza karatasi hii ya mwisho. Juu utaona jina lako, herufi kubwa kama ulivyotaka. Chini yake aina ya baba na aina ya mama. Pale palipoandikwa jina la mtengenezaji, nimeongeza sasa hivi la mama yako kabla ya langu. Ukishuka mpaka mstari wa tisa, wanauliza mbegu ya mmea huu imekwisha kupewa nani. Nilikuwa nimejibu kwa wino mzuri, kwa majivuno, nimepigia mstari chini: Hakuna mtu. Hilo nimelikata leo. Juu yake nimeandika jibu la kweli, ambalo linaharibu karatasi zote na hakuna buro itakayozipokea tena: Wabiwa, mtoto wa Lubondja, alipewa na mke wangu, mimi nikamnyang'anya.

Mkifika ng'ambo, mkapata mahali pa kukaa, msomee Mama Wabiwa mstari huo. Yeye hajui kusoma, na mimi alinikataza kusema.

Baba yako